Ndoo ya Winguni

Wanafunzi walimwita Mama Ndoo. Mwenyewe alijua, na hakuchukia. Kuna walimu waliobatizwa vibaya zaidi katika shule ile. Wa hesabu aliitwa Homa ya Asubuhi. Mama Ndoo alifundisha elimu ya dini ya Kikristo, na jina lake lilitokana na ndoo ya plastiki aliyoingia nayo darasani mara moja kila muhula, ina maji nusu, kila alipofika kwenye somo la toba.

Kazi ilikuwa hivi. Kila mwanafunzi anaandika kosa lake moja kwenye kipande cha karatasi, kosa la kweli, si lile la kulamba sukari ambalo kila mtu analo. Haweki jina. Hamwonyeshi jirani. Anapita mbele, anatumbukiza, anarudi kukaa. Wakishamaliza wote, mwalimu anachukua rula ndefu ya mbao anakoroga mpaka karatasi zinakuwa uji. Halafu anawaambia, "Mmeona? Hata mimi sijui mliandika nini. Na aliyewasamehe hana haja ya kuja kuchakura humu." Basi, somo limeisha. Watu wazima wenye familia zao walikuwa wakikutana naye njiani wakamkumbusha ile ndoo, na wasikumbuke kitu kingine chochote alichowafundisha.

Kisha likaja wingu.

Mkuu wa shule alilitangaza kwenye kikao cha walimu kama mtu anayetangaza posa. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mkandarasi mwenye malori ya kokoto mji mzima, alikuwa ameipa shule vishikwambi na mtandao wa kuvitumikisha. Tangu siku hiyo masomo yote yangetunzwa huko winguni, yaani kwenye mitambo ya kampuni fulani iliyo mbali, na mtoto angeyafikia akiwa darasani, nyumbani au kitandani anaumwa. "Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni," mwalimu wa dini alimnong'oneza Homa ya Asubuhi, naye akacheka mpaka Mkuu akamkazia macho.

Lakini haki yake lipewe, wingu lilifanya kazi. Ramani ya safari za mitume, ambayo kwa miaka mingi aliichora kwa chaki hadi bahari ikafanana na gunia, sasa watoto waliikuza kwa vidole viwili wakaona bandari moja moja. Alirekodi sauti yake akisimulia mfano wa mwana mpotevu, na msichana aliyelazwa hospitali akausikiliza wodini pamoja na wauguzi. Wanafunzi wa kundi moja waliandika habari za manabii kwenye ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja na rangi yake, mwalimu akiwa nyumbani kwake anamenya viazi huku anaona maneno yakichipua kwenye kioo, na pale walipompeleka Yona kwenye mji usio wake akawasahihisha palepale, kisu mkononi. Waliokuwa wakishindwa wakaanza kufaulu. Akawa anawahubiria wingu walimu wenzake, maana aliyeongoka ukubwani ndiye huimba kwa sauti kubwa kuliko wote kanisani.

Ndiyo sababu, lilipofika somo la toba, alifanya kosa ambalo Homa ya Asubuhi asingelifanya, wala wa jiografia. Aliipandisha ndoo winguni.

Alifungua folda akaiita Ndoo, na ndani yake akamwekea kila mwanafunzi ukurasa mtupu. Siku hiyo walikuwa wametoka kusoma amri ya kuwaheshimu baba na mama, kwa hiyo akawaambia waandike kosa walilowakosea wazazi. "Andika, soma ulichoandika, omba kimoyomoyo, kisha futa," alisema. "Ukifuta, kimefutwa. Ni kama maji tu. Hata mimi sitakiona." Aliweka mkono kifuani aliposema hivyo. Darasa likanyamaza, vidole vikawa vinagonga vioo taratibu, na jioni alipofungua kurasa zile akazikuta nyeupe zote. Alifurahi, maskini, kama mtu aliyevumbua kitu.

Katika darasa lile kulikuwa na binti wa Mwenyekiti. Wenzake, na hata walimu, walimwita Nukta, kwa kuwa ukimuuliza swali alijibu neno moja na kunyamaza. Siku ya ndoo, Nukta aliandika hadi kengele ikalia. Mwalimu alimwona, akamshukuru Mungu kwamba mtoto yule mkimya amepata pa kusemea.

Wiki iliyofuata Mwenyekiti alikuja shuleni asubuhi. Alimkuta mwalimu peke yake kwenye chumba cha walimu, anapanga picha za somo la siku hiyo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mwenyekiti. Karibu ukae. Mama Nukta hajambo? Mkono unaendeleaje?"

Mkewe alikuwa amehudhuria kikao cha wazazi mkono umefungwa bendeji, akaeleza kwamba ameteleza bafuni. Muhula uliotangulia pia alikuwa ameteleza. Bafu la nyumba ile, ya mjenzi mkubwa kama yule, lilikuwa na utelezi wa ajabu, na mwalimu alikuwa ameliwaza hilo mara moja au mbili kisha akaliacha, kwa sababu mambo ya ndoa ya watu ni ya watu.

"Unaendelea vizuri," Mwenyekiti alisema. Alijimiminia chai, akakoroga bila kugusa ukingo wa kikombe. "Sikai sana. Nimekuja kushukuru. Mtoto wangu haongei nyumbani, unamjua alivyo. Lakini kwako anaandika."

"Ni mtoto mzuri. Hana maneno mengi tu."

"Anayo," alisema. "Anayo mengi sana. Nimeyasoma kwenye ile Ndoo yako."

Mwalimu alicheka kidogo, akidhani anataniwa. "Ndoo haisomeki, Mwenyekiti. Watoto walifuta."

"Walifuta, ndiyo." Alitabasamu kwa upole, kama mzazi anayemsubiri mtoto amalize kukosea mwenyewe. "Leo jioni nilikuwa nisafiri, ile safari yangu ya kufuata mitambo ya machimbo. Nimeahirisha. Kuna kitu kimepotea nyumbani, nataka nikipate kwanza."

Akaweka kikombe kwenye kisahani, chai haijapungua, akashukuru tena na kutoka. Mwalimu alisimama dirishani akaliangalia gari lake. Lilipofika barabarani lilikata kushoto, upande wa machimbo ya kokoto, siyo kulia kuelekea nyumbani kwake. Aliliona vizuri. Baadaye angejilaumu kwa kuliona vizuri namna ile.

Akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kompyuta, ambako fundi, kijana mpole aliyezoea kula karanga juu ya kibodi, alikuwa anafunga nyaya.

"Nieleze kitu kimoja," mwalimu alisema. "Mtoto akiandika kule, akafuta, kimekwenda wapi?"

"Hakijaenda popote, mama. Kipo."

"Kipo wapi? Mimi naona ukurasa mweupe."

"Juu ni mweupe. Chini yake kila hatua imetunzwa, tangu herufi ya kwanza. Ndiyo faida yake hiyo. Mtoto akiharibu kazi yake tunairudisha ilivyokuwa."

"Na nani anaweza kuona hizo hatua?"

"Mwenyewe mwanafunzi. Wewe. Mimi." Fundi akaacha nyaya. "Na Mwenyekiti. Mkuu alisema apewe funguo za folda zote, kwa vile vifaa ni vyake, na alitaka afuatilie kazi za watoto."

"Na wewe hukuniambia."

"Mama, na wewe hukuniambia utaweka dhambi za watu humo."

Mwalimu alivuta kiti akakaa. "Fungua ukurasa wa Nukta," alisema, "halafu unionyeshe hizo hatua."

Hata wakati huo alisita. Kwa miaka yote ya ndoo hakuwahi kuchungulia karatasi ya mtoto, hata zile zilizokataa kuloa. Lakini mwingine alikwisha chungulia. Fundi alibonyeza mara mbili, na maneno ya Nukta yakapanda kutoka chini ya weupe ule.

*Nimemdanganya baba. Aliniuliza kama mama ana simu nyingine nikasema hana. Anayo. Alinunua kwa siri baba alipoivunja ile ya kwanza. Sikumwambia baba kwa sababu akijua atampiga tena. Baba akisafiri tutaondoka mimi na mama twende kwa mama mdogo, tusirudi. Mama kasema nisimwambie mtu yeyote. Najua kumdanganya mzazi ni dhambi. Mungu nisamehe, na mama naye asamehewe, na baba asijue.*

Fundi aligeuza uso. Mwalimu aliyasoma maneno yale tena, na kila neno alilifundisha yeye: mzazi, dhambi, samehe. Mtoto alikuwa amefanya zoezi vizuri kuliko darasa zima. Kama angepewa alama, angepata zote.

"Funga hiyo," alisema. "Irudishe nyeupe. Kisha mnyang'anye funguo, sasa hivi, Mkuu nitamjibu mimi."

Fundi akarudisha ukurasa mweupe. Ndipo wote wawili wakaona, juu kwenye kona, kiduara kidogo cha kijani ambacho hakikuwa cha fundi wala cha mwalimu. Kiduara hicho huonyesha kwamba kuna mtu mwingine amefungua ukurasa huohuo saa hiyohiyo. Wakati wa manabii mwalimu alikuwa akivipenda sana viduara hivyo. Vilimfanya ajihisi hayuko peke yake jikoni.

Katikati ya weupe mstari mdogo wa kijani ulianza kumetameta. Herufi zikatokea moja moja, bila haraka.

*Mwalimu naona umefika.*

Fundi alinyanyua mikono kutoka kwenye kibodi.

*Ukurasa huu ni wa binti yangu, si wako. Ila kwa kuwa umeshasoma, nisaidie. Nimetafuta nyumba nzima tangu Jumapili. Wewe watoto wanakuamini. Muulize simu iko wapi.*

"Mtoe," mwalimu alisema.

*Muulize kwa upole tu kama*

Fundi alibonyeza. Kiduara kikapotea na sentensi ikabaki imekatika hapohapo. Maji yakimwagika hayazoleki. Alichokuwa amekisoma Mwenyekiti hakuna ufunguo wa kumpokonya. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, nacho ni mahali simu ilipo. Madhali hajaishika mkononi, ana neno la mtoto tu, na mke anaweza kukana. Akiipata, hakutakuwa na kukana tena.

Mkuu alikuwa kwenye mkutano nje ya shule na simu yake imezimwa. Mwalimu akaenda mwenyewe darasani, akamwomba Homa ya Asubuhi ruhusa, akamtoa Nukta na mkoba wake. Alimpeleka kwenye chumba cha vitabu, mahali palipokuwa na viti viwili na harufu ya karatasi za zamani, fundi akasimama mlangoni. Humo akamwambia yote. Hakumficha hata lile la ahadi yake.

Nukta alisikiliza akiwa ameukumbatia mkoba. Alikuwa amevaa viatu vipya.

"Ulisema hata wewe hutaona," alisema.

"Nilisema, mwanangu. Nilikuwa sijui. Nimekosa, na nakuomba msamaha, lakini hilo tutalizungumza baadaye. Baba yako amekuuliza kitu chochote?"

"Hapana."

"Amekasirika?"

"Hapana. Anatabasamu." Nukta alitazama miguu yake. "Jana kaninunulia viatu. Kila siku anatoa vitu kabatini, anasema anatafuta spana. Anavipanga chini vizuri, halafu anavirudisha. Mama anamsaidia kuvipanga."

Hilo la mama kusaidia lilimwingia mwalimu mwilini kuliko yote. Alimwona akilini yule mwanamke mwenye bendeji, amepiga magoti kwenye sakafu ya jikoni yake, anampa mumewe sahani moja moja, anasubiri.

"Mama yuko nyumbani sasa?"

"Yupo. Leo ndiyo siku yenyewe. Baba anasafiri jioni."

"Hasafiri, Nukta. Ameahirisha. Mama anajua?"

Mkoba ukaanza kuteleza magotini mwa mtoto. Hakujua, basi, na mama hakujua. Mama alikuwa nyumbani anakunja nguo za safari, akidhani mtu anayetabasamu ataondoka jioni.

"Simu iko wapi?" mwalimu aliuliza, na alipojisikia akiuliza swali lilelile alilotumwa aliulize, alitaka kulirudisha mdomoni. Lakini Nukta alikwisha jibu.

"Kwenye kopo la maharage. Kopo la bati, nyuma kabisa. Mama huizima mlio. Inatetemeka tu."

"Namba unaijua?"

"Kichwani."

Nyumba ilikuwa upande wa pili wa mji; kwa gari la kukodi mpaka ufike, jambo limekwisha. Kwa simu ni sekunde. Mlio umezimwa. Mwenyekiti yuko machimboni, gari alishaliona likikata kushoto. Mama ataona mwanga, ataambiwa neno moja, atatoka na begi au bila begi. Mwalimu alilipima hivyo, na lilionekana sawa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kwenye chumba cha vitabu na mtoto anawatazama midomo.

Nukta alitaja namba, mwalimu akaipiga kwenye simu yake.

Iliita. Iliita tena, muda mrefu, na katika muda huo ndipo wazo lilipomfikia, limechelewa kama mgeni aliyepotea njia: mtu anayeandika winguni anaweza kuandika akiwa popote. Ameketi machimboni, ameketi garini, ameketi kwenye kiti cha jikoni kwake. Hilo alilihubiri yeye mwenyewe kwa walimu wenzake, kwamba uzuri wa wingu ni huo. Barabara ya machimbo nayo inazunguka na kutokea upande ule wa mji, kila dereva anajua. Aliondoa simu sikioni ili aikate.

Ikapokelewa.

Kwanza hakusikia mtu. Alisikia maharage yakimwagika, mengi, yakirukaruka sakafuni na kutulia. Kisha pumzi.

"Mwalimu," sauti ya Mwenyekiti ilisema, kwa upole uleule wa asubuhi. "Ahsante sana. Nilikuwa nimekaa hapa nakata tamaa, nikasikia bati linanguruma."

Mwalimu aligeukia rafu za vitabu ili mtoto asimwone uso. "Naomba kuongea na mama Nukta," alisema. Alishangaa kusikia sauti yake imetulia.

"Hawezi kuja kwenye simu. Ameteleza."

Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na kimya cha nyumba, kimya kinene, hakuna anayelia wala anayesogea. Mwalimu alikisikiliza kwa nguvu zake zote akitafuta ndani yake kikohozi, kiti kikivutwa, chochote.

"Mwambie binti asitoke shuleni," Mwenyekiti alisema. "Nanawa mikono, nakuja kumchukua."

Simu ikakatika.

Mwalimu aliibakiza sikioni kidogo, kama mtu anayesikiliza bado. Kisha akapita karibu na fundi pale mlangoni akamwambia chini chini, midomo haisogei, "Nenda polisi. Usipige, nenda, wakutazame usoni. Waambie waende nyumbani kwa Mwenyekiti sasa hivi na gari la wagonjwa. Ukitoka, mwambie mlinzi afunge geti kubwa, na asilifungue hata akimwona Mwenyekiti mwenyewe aliyelijenga." Fundi alimtazama mara moja, akaelewa, akaondoka mbio koridoni.

Mwalimu akageuka. Nukta alikuwa amesimama, mkoba uko mgongoni tayari, kamba zote mbili zimekazwa.

"Kapokea?"

Kwa miaka yote aliyofundisha, mwalimu yule aliwaambia watoto kwamba uongo hauna saizi, mdogo na mkubwa vyote ni uongo. Kuna waliobishana naye. Alikuwa akiwashinda kwa aya, na alikuwa akifurahia kushinda.

"Kapokea," alisema.

"Kasemaje?"

"Kasema tutangulie kwa mama mdogo, mimi na wewe. Tupite mlango wa nyuma, tusingoje. Yeye anakuja."

Nukta alimchunguza uso. Mtoto anayeishi na mtu anayetabasamu hujifunza kuzisoma nyuso, na mwalimu aliuachia wake usomwe, akauweka mtupu na mweupe kadiri alivyoweza. Nje upande wa barabara, mlinzi alikuwa anavuta geti kubwa na chuma kinalalamika.

Mabega ya mtoto yakashuka. Alimshika mwalimu mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakatoka kupitia ghala la jikoni, wakapita kwenye ndoo ya plastiki iliyokuwa imefunikwa kifudifudi juu ya magunia tangu wingu lilipokuja.

"Mwalimu," Nukta alisema walipofika kwenye mlango wa nyuma.

"Naam, mwanangu."

"Kama mama kapokea, basi Mungu amenisamehe."

Mwalimu alivuta komeo, na mkono wake mwingine haukuuachia wa mtoto.